Gia Boksi ya Marehemu Taratibu

Ilikuwa mwaka ule barabara yetu ilipotiwa lami. Hapana, nakosea. Mwaka wa lami Mzee Sikio bado alikuwa na gereji yake, na tingatinga la barabara ndilo lililokuja kuibomoa. Kwa hiyo mambo haya yalikuja baada ya lami, mwaka uliofuata, ule mwaka niliposhona viti vya mabasi ya shule mpaka vidole vikaota sugu. Ndiyo, mwaka wa mabasi. Mtu akizeeka, miaka inakaa kichwani kama spana kwenye sanduku la fundi mvivu: zote zimo, lakini ukitaka kumi na nne unashika kumi na saba.

Ninayetaka kumsimulia ni Mama Pini. Alikuwa mshonaji. Sare za shule, magauni ya wajawazito, mapazia, chochote chenye upindo kilipita chini ya cherehani yake pale barazani. Jina alilipata kwa sababu muda wote alikuwa na pini midomoni. Wateja walimsimulia habari za mtaa mzima naye akaitikia kwa pua. Aliwahi kuniambia kwamba pini ni mwalimu mzuri, kwa sababu ukiwa nazo mdomoni huwezi kusengenya, na ukizitoa unakuwa umeshasahau ulichotaka kusema. La pili si kweli. Yule mwanamke hakusahau kitu.

Mimi nilimwita shemeji, kwa sababu mumewe alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Yeye kweli alikufa, nami nikamzika. Tulimwita Taratibu. Alikuwa fundi wa gia boksi za otomatiki katika gereji ya Mzee Sikio, jirani na kibanda changu cha kushonea viti vya magari. Ungempelekea gari asubuhi, mchana ungemkuta bado anafuta vumbi kwenye nati kabla hajazigusa. Watu walimcheka, lakini gari lililotoka mkononi mwake halikurudi. Mzee Sikio yeye alikuwa mtu wa kelele. Jina lake lilitokana na bisibisi: ncha aliibandika kwenye injini, mpini akaukandamiza sikioni, akafumba macho kama mtu anayepokea simu kutoka kuzimu. Halafu alitangaza ugonjwa. Mara nyingine alipatia.

Sasa nieleze kitu kimoja cha kazi yao, maana bila hicho hamtanielewa. Gari la otomatiki halina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na gia boksi kuna kitu cha chuma cha mviringo, kikubwa kama chungu cha kupikia watu wengi, mafuta yanazunguka ndani yake. Wao walikiita toki. Ukirudisha gia boksi kwenye gari, toki lazima kwanza ikae ndani kabisa, shingo yake ishikane na gia ndogo ya pampu ya mafuta. Haiingii kwa mara moja. Unaisukuma huku unaizungusha, inashuka kidogo, unasukuma tena, inashuka, mpaka mkono unasikia imefika nyumbani. Isipofika, gia boksi haitakutana vizuri na injini. Patabaki nafasi, kama upana wa kidole. Fundi wa kweli akiiona nafasi hiyo anashusha gia boksi chini na kuanza upya. Fundi mwenye haraka anachukua bolti na kuvuta kwa nguvu mpaka nafasi ifungwe. Na inafungwa kweli, ila kule ndani masikio mawili ya gia ya pampu, yale yanayoshikwa na shingo ya toki, yanakatika, na gia boksi imekufa kabla haijaishi.

Haya niliambiwa na Taratibu mwenyewe, na sababu ya kuniambia ilikuwa gari la mkunga.

Mkunga wetu huyo amepokea nusu ya watoto wa mtaa. Akisema jambo, limesemwa. Gari lake liliingia gereji, Taratibu akatengeneza gia boksi, akaipandisha kwa jeki, akaiona nafasi. Toki ilikuwa imechomoka kidogo wakati wa kunyanyua. Kabla hajaishusha akaitwa nyumbani, binti yao homa imempanda. Akamwambia Mzee Sikio asiguse, bado haijakaa. Mkunga naye alikuwa nje, anataka gari lake, ana wagonjwa wanamsubiri. Taratibu aliporudi akakuta bolti zimekazwa, gari halisogei, na Mzee Sikio amesimama mbele ya mkunga anasema fundi wangu ameniharibia kazi nikiwa sipo.

Ilikuwa neno la bosi na neno la kibarua, na mnajua lipi huwa zito. Mzee Sikio hakuishia hapo. Ile gia ya pampu iliyokatika masikio akaitundika ukutani kwa msumari, na kila mteja aliyeuliza alijibiwa kwamba hiyo ni kazi ya Taratibu. Mkunga aliiona ikining'inia, akaibeba mdomoni nyumba hadi nyumba, bila ubaya wowote moyoni, akidhani anawaokoa watu. Taratibu akafukuzwa, na hakuna gereji nyingine iliyomtaka.

Hakupiga kelele. Alikuwa akisema ukweli utakuja taratibu. Mkewe akimuuliza, taratibu kiasi gani, baba, maana chakula hakiji taratibu?

Basi akawa anakaa nyumbani, yeye anapiga pasi sare, mke anashona. Baadaye akapata gari kuukuu ambalo mwenye nalo alishalikatia tamaa, likaegeshwa uani juu ya vigogo. Akashusha gia boksi yake, akaiingiza chumba cha nyuma, na kwa miezi mingi akaitengeneza kipande kwa kipande, kila kipande kimeoshwa na kukaushwa kwa vitambaa vilivyobaki kwenye sare. Alipomaliza akaikalisha toki mahali pake, akaifunika gia boksi kwa shuka safi, akasema wiki ijayo tunaipandisha. Kifua kikamkamata kabla ya wiki hiyo. Hakukiponyoka.

Mazishini Mzee Sikio alikuja. Akasimama mbele ya watu akasema marehemu alikuwa mtu mwema sana, mtaratibu kwa tabia, lakini mkono wake, Mungu amrehemu, mkono wake ulikuwa na haraka.

Mkono wa Taratibu ulikuwa na haraka! Nilikuwa nimekaa karibu na shemeji. Hakulia wala hakuinua kichwa. Aliacha tu kuvuta pumzi kwa muda, kisha akaivuta ndefu, kama mtu anayeingiza uzi kwenye sindano. Nadhani ilikuwa hapo alipoamua.

Akangoja. Lami ikaja, tingatinga likapita, gereji ikawa kifusi, na Mzee Sikio akawa fundi wa kuzungukia majumbani na mfuko wa spana begani. Siku moja nikasikia kwamba shemeji amemtumia ujumbe aje ampandishie gia boksi ya marehemu. Nikasikia pia maneno ya ujumbe wenyewe, maana Mzee Sikio alimsomea kila aliyekutana naye: kwamba hakuna mkono mwingine mtaani anaouamini, na mambo ya zamani yamepita. Alifurahi mno. Mjane wa Taratibu kumwita yeye! Ilikuwa kama cheti.

Alasiri ya Ijumaa nikaenda kwake kumwekea ngozi mpya kwenye kiti cha cherehani. Barazani hakuwepo. Nikaita hodi, nikaitikiwa kutoka chumba cha nyuma. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya gia boksi, shuka limekunjwa pembeni, mikono yote miwili ameikumbatisha toki, na anaivuta. Ikatoka kidogo, ikagonga. Akaivuta tena.

"Shemeji, hiyo ilikuwa imekaa," nikamwambia.

"Najua imekaa. Aliyeikalisha nilimshikia taa."

"Sasa mbona unaitoa?"

Akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Fundi akikuta gia boksi imelala kwenye nyumba ya watu, anaweka mkono kwanza. Mume wangu alinifundisha hivyo. Kesho tutaona kama anayekuja ni fundi."

Nikaelewa. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya marehemu, ikivunjika hakuna tena mtu wa kuitengeneza, na gari lile ndilo alilotaka limpeleke yeye na binti wakanunue vitambaa badala ya kubeba majora kichwani. Nikamwambia mambo mengi. Mimi ni mtu wa maneno laini, nayatumia kama pamba ya kujazia viti.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Pampu ikivunjika ni chuma," akasema. "Jina lake lilivunjwa mkiwa mnaangalia, mbona hapo hukuona uchungu?"

Nikauliza kama anataka nikae kimya kesho. Akasema mdomo ni wangu, hajawahi kumshona mtu mdomo, ingawa sindano anazo.

Jumamosi Mzee Sikio akafika amevaa ovaroli iliyofuliwa ikapigwa na pasi. Akasalimia kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu, akatangaza kwamba leo anamalizia kazi ya ndugu yake. Shemeji akamkaribisha chai, akamwita kaka. Nilisikia neno hilo, kaka, likanipita mgongoni kama maji ya baridi. Mkunga naye alikuwa barazani tangu mapema, ameitwa kupimwa gauni lake, amesimama juu ya kigoda, upindo nusu umebanwa nusu bado. Kutoka pale kigodani uani kote kulionekana.

Mimi na Mzee Sikio tukaikokota gia boksi juu ya mkeka mkuukuu. Akaipiga kofi kama mtu anayenunua ng'ombe. Akafuta vumbi la nje. Akachungulia bakuli la mbele, toki imo, akasema safi. Mkono hakuuweka. Mimi nilikuwa namtazama ule mkono tu, unavyopita huku na huku, unashika jeki, unakuna shingo, unarekebisha kofia, na kila mahali unafika isipokuwa pale.

Tukaiingiza chini ya gari, akalala chali kwenye kipande cha boksi, nami nikapampu jeki polepole. Ikapanda. Ikakutana na injini upande wa juu, upande wa chini ikagoma. Ikabaki nafasi. Niliiona kutoka nilipochuchumaa, mstari wa mwanga kati ya chuma na chuma, upana wa kidole.

Nikamtazama shemeji. Alikuwa na pini mdomoni, chaki mkononi, anapima upindo wa mkunga kana kwamba duniani hakuna gari.

Nikashindwa. Nikainama nikasema, "Mzee, mbona kuna nafasi hapo? Toki umeizungusha?"

Kicheko kikatoka chini ya gari. "Wewe fundi viti, lini umekuwa fundi gia boksi? Kashone. Nafasi kama hizi nimezivuta kwa bolti tangu wewe una nywele."

"Marehemu alikuwa anaishusha kwanza."

"Ndiyo maana alikufa hajamaliza." Nikasikia anaingiza bolti, anazungusha. "Bolti ndiyo mwalimu. Hata gari la mkunga, lile la ugomvi, lilikuwa na nafasi hivi hivi, marehemu analia lia nisiguse bado haijakaa. Nikalivuta mwenyewe, likakaa vizuri tu."

Nadhani hakujua mkunga yuko pale. Au alijua akasahau, maana mtu akiwa chini ya gari hujiona yuko peke yake duniani kama mtu aliyejifunika blanketi.

Barazani chaki ilisimama. Mkunga akageuza kichwa, kisha mwili mzima, pini zikamchoma, hakujali. Na wakati huohuo, spana ikilia chini ya gari, upande huu, upande wa pili, kama anavyofunga nati za tairi, ikasikika: ka! Mlio mdogo tu, kama mtu amevunja kijiti kikavu ndani ya mtungi. Ule mstari wa mwanga ukafungwa.

"Mmeona?" sauti ikasema. "Imekaa."

Mkunga akauliza kutoka juu ya kigoda, taratibu kabisa, "Mzee Sikio. Umesema gari langu ulilivuta wewe?"

Viatu viwili vilivyochomoza chini ya gari vikatulia. Kisha akasema hayo ni maneno ya kazi tu, mama, mafundi hutaniana. Akaendelea kukaza, sasa kwa haraka zaidi. Akaunganisha shafti, akamimina yale mafuta mekundu, jasho linamtiririka mpaka ovaroli ikapoteza alama za pasi. Tukaliteremsha gari kutoka kwenye vigogo, akaingia akawasha. Injini ililia kama mtu anasaga sufuria kwenye jiwe. Akaweka D. Gari halikusogea. Akaweka R. Hakuna kitu. Akarudi D, akakanyaga mafuta, moshi ukajaa uani, na gari likabaki uani kwa Taratibu kama lilivyokaa siku zote.

Akazima. Akashuka. Ndipo akafanya kosa ambalo mpaka leo nashindwa kumhurumia. Akafuta uso akasema, kwa huruma kabisa, kwamba ni lazima marehemu aliifunga pampu vibaya.

Shemeji akatoa pini mdomoni. Alizitoa zote, akazichoma moja moja kwenye kile kimto cha mkononi mwake.

"Basi shusha, kaka. Tuone alivyokosea."

Akajaribu kusema atarudi kesho. Mkunga akasema hapana, yeye mgonjwa wake wa leo ni huyu. Akashuka kwenye kigoda na gauni lake lenye upindo nusu, akavuta kiti akakaa mlangoni mwa ua, katikati kabisa. Majirani nao wakaanza kuwa na shida za kuazima chumvi. Kwa hiyo akalinyanyua gari tena kwenye vigogo, akashusha. Alishusha alasiri nzima, peke yake, maana mimi nilisema mgongo unaniuma, na ulikuwa unaniuma kweli. Hakuna aliyemtukana. Shemeji alikaa mita mbili kutoka pale, anashona kwa mkono, na kila spana ilipoanguka alisema, "Pole, kaka," bila kuinua macho.

Pampu ilipofunguka, gia ikatolewa ikawekwa kwenye kitambaa cheupe ambacho shemeji alikitandika mwenyewe. Masikio yote mawili yamekatika. Mahali palipokatika paling'aa, chuma kibichi, cha leo. Mkunga akainama akaitazama.

"Hii naijua," akasema. "Pacha wake alikuwa ukutani kwako."

Mzee Sikio akaomba maji na sabuni anawe mikono.

"Kanawie gereji kwako," shemeji akamwambia.

Na gereji haikuwepo, kila mtu alijua ni kifusi na lami. Akaondoka na mikono yake myekundu, ameiachanisha na ovaroli kama mtoto aliyeshika rangi, watu wakimpisha njia. Mfuko wa spana aliusahau. Shemeji akautupa nje ya geti.

Mkunga akaanza kulia. Akasema Mama Pini, mimi ndiye niliyembeba mumeo mdomoni, nisamehe. Nilitegemea watakumbatiana, kama inavyokuwa. Shemeji akamrudisha juu ya kigoda, akapiga goti, akachukua pini.

"Simama wima," akasema. "Upindo utaenda upande."

Gauni alimmalizia, na lilimkaa vizuri mno. Msamaha hakumpa, siku ile wala baadaye. Mkunga akapita tena nyumba zilezile, safari hii na habari mpya, na kabla ya mwezi kuisha hapakuwa na mtu wa kumpa Mzee Sikio hata tairi la kuziba. Alihamia kwa mwanawe wa kwanza. Wanasema alikaa sebuleni na bisibisi yake, anasikiliza friji.

Ile gia shemeji aliitundika barazani kwa msumari, juu ya cherehani. Mteja akiuliza, aliitikia kwa pua kwanza, kisha akasema, "Kazi ya Mzee Sikio." Wakaanza kuja watu kuniuliza kama ni kweli Taratibu alikuwa fundi mzuri vile, nami nikawaambia, na nikawaona wanatikisa kichwa kwa masikitiko, wale wale. Jina likarudi. Lilirudi lote, bila mwenyewe.

Gari halikutembea kamwe. Kuku waliingia kwa dirisha la nyuma wakataga kwenye kiti nilichokishona mimi, na binti akaendelea kubeba majora kichwani. Siku moja nilimkuta shemeji chumba cha nyuma, amekaa sakafuni pale gia boksi ilipokuwa imelala, lile shuka liko mapajani mwake, analinyoosha kwa kiganja kama analipiga pasi. Nikarudi nyuma bila kubisha.

Nilikaa na swali langu muda mrefu, kwa sababu mimi si mtu wa kuchokonoa. Mwisho nikamuuliza siku ambayo baraza ilikuwa tupu, nikiwa nimekuja kwa vifungo tu. Akaweka pini mdomoni, akakanyaga cherehani, akashona mshono mrefu kuliko kitambaa. Nilimuuliza tena alipokuwa anafunga mizigo kuhamia kwa binti yake, akanipa vifungo vyangu. Sasa hayupo hata wa kunipa vifungo, na aliyeuliza bado anauliza: kama Mzee Sikio angeuweka mkono wake mle ndani, akasukuma, akazungusha, toki ikarudi nyumbani na gari likatembea, je shemeji, ungemsamehe, au ungemtafutia mtego mwingine?